Jinsi ya kuzungumza na kijana kuhusu ngono salama: mwongozo kwa mhudumu wa afya wa kijijini

Maswali ya wahudumu wapya hayabadiliki. Naanzaje kuongea ngono na kijana wa watu bila kuona aibu? Nikimwonyesha kondomu, si ndiyo nimemruhusu? Na huyu ambaye mama yake ni jirani yangu, ataniaminije? Nimeyajibu mara nyingi kwa mdomo, sasa nayaandika ili ukikwama uwe na pa kurejea.

Kwanza shika hili. Siku ya siku wewe hutakuwepo. Kijana atakuwa na mwenzake, taa imezimwa, na maelezo yako mengi atakuwa ameyasahau. Atakachobaki nacho ni kile ambacho mikono yake ilishakifanya mbele yako, na sentensi aliyoitamka kwa mdomo wake mwenyewe. Hatua zote hapa chini zinaelekea huko.

Kuhusu kuruhusu: kijana mzima hajaja kuomba ruhusa. Ama ana mpenzi tayari, ama anafikiria kuwa naye, ama anaogopa jambo lililokwisha kutokea. Tafiti katika nchi nyingi zimeonyesha kwamba kumfundisha kijana kujikinga hakumfanyi aanze ngono mapema wala kuifanya zaidi. Basi swali hilo lilale, tuendelee.

Mwongozo huu ni wa vijana wa miaka 18 hadi 24. Kwa walio chini ya 18 sheria za ridhaa na za kutoa taarifa hutofautiana, kwa hiyo fuata utaratibu wa wizara ya afya ya nchi yako.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Mahali pa faragha. Si lazima kiwe chumba. Hata nje panafaa, mradi watu wakiwaona wasiwasikie. Pajaribu hivi: mwenzako aongee ndani kwa sauti ya kawaida, wewe simama pale wagonjwa wanaposubiri. Ukisikia hata neno moja, tafuta pengine.
- Kondomu za kutosha: za kufungulia mafunzo na za kijana kuondoka nazo. Za kike pia kama zipo.
- Mfano wa uume wa mbao au plastiki. Ukikosa, tumia chupa nyembamba.
- Vilainishi vya maji.
- Karatasi laini, mfuko wa taka na maji ya kunawa.
- Orodha ya rufaa uliyoihakikisha mwenyewe: wapi wanapima VVU, wapi wana PEP (dawa za kuzuia VVU baada ya hatari), vidonge vya dharura vya kuzuia mimba, matibabu ya magonjwa ya zinaa, na huduma kwa aliyebakwa. Andika siku na saa wanazofungua. Piga simu uulize, usiandike kwa kukumbuka.
- Muda, kama nusu saa bila kukatizwa.

Kuna maandalizi mengine yasiyobebeka. Kaa peke yako utamke kwa sauti: uume, uke, shahawa, kumwaga, ngono ya mdomo, ngono ya njia ya haja kubwa. Yarudie mpaka yatoke kama unavyosema goti au bega. Ukisema "kile kitu" na "kule chini", kijana naye atasema hivyohivyo, na mwisho wake hakuna atakayejua mwenzake alimaanisha nini.

Hatua kwa hatua

1. Tengeneza mahali. Funga daftari la wagonjwa. Nasema hili kwa sababu nimeliona mara nyingi: mhudumu ameongea vizuri, kwa upole, na huku daftari liko wazi mezani, majina ya watu wa kijiji kizima yakisomeka. Kijana huyasoma. Kisha hujua kwamba kesho mwingine atasoma la kwake. Zima simu au ifunge sauti. Kaa pembeni yake badala ya kukaa ng'ambo ya meza.

Angalia pia unavyomwita. "Mwanangu" ni neno la upendo, lakini hapa linakugeuza mzazi, na wazazi ndio anaowaficha. Muite kwa jina lake, au kaka, au dada.

2. Ahidi siri, na uutaje mpaka wake. Sema kwa maneno mepesi: "Tutakayoongea hapa sitamwambia mzazi wako, mpenzi wako, wala mtu yeyote kijijini. Jambo moja tu litanilazimu nitafute msaada wa mtu mwingine: nikiona maisha yako au ya mtu mwingine yako hatarini. Na hapo nitakuambia wewe kwanza."

Siri haiishii mlangoni. Nilipokuwa mgeni katika kazi hii nilikutana njiani na kijana niliyemhudumia wiki moja kabla. Nikamsalimia kwa furaha, nikamuuliza: "Zile dawa umemaliza?" Alikuwa na mjomba wake. Kijana yule hakurudi tena kwangu, na rafiki zake niliowategemea hawakuja pia. Tangu hapo ninamwambia kila mmoja kabla hajaondoka: "Tukikutana nje nitakusalimia kama ninavyomsalimia kila mtu. Nikikaa kimya kuhusu mambo yetu, ujue nakulinda."

3. Anza kwa swali pana, kisha nyamaza. "Nini kimekuleta leo?" au "Ungependa tuanzie wapi?" Akikaa kimya, usiruke kujaza ule ukimya. Hesabu moyoni mpaka kumi. Wengi huongea kwenye saba au nane.

Mara nyingi atakuambia habari za rafiki yake. "Nina rafiki yangu, mpira ulimpasukia." Pokea habari ya rafiki kama ilivyo, ijibu yote kwa makini, wala usitabasamu kama uliyemkamata. Mwishoni sema: "Mwambie rafiki yako anaweza kuja wakati wowote, na kama ni jana au juzi, asingoje." Wengine watabadilisha "yeye" kuwa "mimi" katikati ya sentensi. Endelea tu.

4. Mjue kwanza kabla ya kumfundisha. Usiulize "Huwa mnatumia kondomu?" Kila mtu hujibu ndiyo. Uliza hivi:

"Kwa sasa una mtu au watu unaofanya nao ngono?"
"Mara ya mwisho, mlitumia nini kujikinga?"
"Mimba ikitokea mwezi huu, ungeipokeaje?"
"Umewahi kupima VVU? Mwenzako je?"
"Kuna maumivu unapokojoa, usaha, vidonda, au majimaji ambayo si ya kawaida?"
"Imewahi kutokea ukafanya ngono bila wewe kutaka?"

Kiswahili kinatusaidia hapa: "mpenzi" na "mwenzako" havisemi kama ni mwanamume au mwanamke. Tumia maneno hayo, umwachie ataje mwenyewe. Ukisema "mume wako" au "yule msichana" unaweza kumfungia mlango aliyetaka kukuambia jambo zito.

5. Mpe yale tu yanayomhusu. Kosa kubwa la anayeanza ni kumwaga kila anachokijua, kuanzia mfumo wa uzazi mpaka virusi. Mambo matatu yanatosha kwa siku moja. Chagua humu kulingana na alivyokujibu:

Kondomu ikitumika sawasawa kila mara hupunguza sana hatari ya VVU, kisonono, klamidia na mimba. Kwa kaswende, malengelenge ya sehemu za siri na virusi vya HPV kinga yake ni pungufu, kwa sababu haya hupita pia kwenye ngozi ambayo kondomu haifuniki.

Vidonge vya kila siku, sindano, kipandikizi na kitanzi huzuia mimba tu, si magonjwa. Asiyetaka mimba wala ugonjwa atumie njia mojawapo pamoja na kondomu. Muulize pia dawa nyingine anazotumia: rifampisini ya kifua kikuu na baadhi ya dawa za kifafa hupunguza nguvu ya vidonge na vipandikizi.

Kisonono na klamidia vinaweza kukaa mwilini bila dalili yoyote, hasa kwa wanawake. "Anaonekana msafi" si kipimo.

Mwenye VVU anayemeza ARV vizuri mpaka kipimo kisione tena virusi kwenye damu yake hamwambukizi mwenzake kwa ngono. Asiye na VVU ambaye hatari yake ni ya kila siku anaweza kupewa rufaa ya PrEP, dawa za kumeza kabla ya hatari. Nazo huzuia VVU tu.

Tohara hupunguza uwezekano wa mwanamume kupata VVU kutoka kwa mwanamke kwa takriban asilimia 60. Vijana wengi huisikia kama kinga kamili. Waambie wazi kwamba bado kondomu inahitajika.

Kuosha uke baada ya ngono, kuruka au kukojoa haraka havizuii mimba. Mbegu za kiume zinaweza kuishi ndani ya mwili wa mwanamke hadi siku 5.

6. Onyesha kondomu mara moja, kisha mpe yeye. Hapa ndipo penye kazi, usipapite mbio. Shika ule mfano na useme: "Huu unasimama badala ya uume uliosimama." Litamke hilo hata kama unaona linajulikana. Usionyeshe kwa kidole gumba wala fimbo halafu ukaacha bila maelezo, maana wapo walioondoka wakidhani kondomu huvalishwa kidole au fimbo.

a) Soma tarehe ya mwisho kwenye pakiti. Ibonyeze: ukisikia hewa ndani, pakiti haijatoboka.
b) Isukume kondomu upande mmoja, chana pakiti kwa vidole upande wa pili. Si kwa meno, si kwa wembe.
c) Iangalie kabla ya kuivalisha. Ukingo uliokunjwa uwe nje, ili iteremke kirahisi.
d) Bana ncha kwa vidole viwili kuondoa hewa. Ukiendelea kuibana, iviringishe mpaka kwenye shina la uume.
e) Vilainishi vya maji vipakwe juu ya kondomu, na visikosekane kwenye ngono ya njia ya haja kubwa. Mafuta ya kujipaka, ya kupikia au losheni hulidhoofisha mpira kwa dakika chache tu.
f) Baada ya kumwaga, uume ungali umesimama, shika ukingo wa kondomu na utoke nayo.
g) Ivue, ifunge fundo, itupe kwenye choo cha shimo au jalala. Tendo lingine, kondomu nyingine.

Sasa mpe pakiti mpya ufunge mdomo. Kijana mmoja aliniambia kondomu anaijua tangu zamani. Akaifungua vizuri, akaiweka juu ya mfano ikakataa kuteremka, akaigeuza upande wa pili na kuendelea kama kawaida. Nikamwacha amalize. Kisha nikamuuliza: "Ulipoigeuza, ule upande uliokuwa umegusa uume sasa uko wapi?" Akaitazama ile kondomu kwa muda mrefu. Ningemwambia kwa mdomo tu kwamba iliyogeuzwa hutupwa, kwa sababu majimaji ya mwanzo yanaweza kuwa na mbegu au vijidudu, angeitikia kwa kichwa na yakaishia hapo. Akarudia na pakiti nyingine, akafanya sawasawa.

Wasichana nao waivalishe kwa mikono yao. Kwenye kondomu ya kike, bana duara la ndani, liingize ndani kabisa ya uke, na duara la nje libaki nje. Inaweza kuvaliwa hadi saa 8 kabla ya tendo. Isitumike pamoja na ya kiume, wala zisivaliwe mbili za kiume kwa mpigo. Zikisuguana huchanika.

7. Mtafutie maneno yake. Kujua kuvaa kondomu hakumsaidii asiyeweza kuitaja. Muulize: "Mwenzako huwa anasemaje ukitaja kondomu?" Halafu wewe uwe mwenzake, useme maneno yaleyale, na yeye ajibu kwa sauti.

Mwenzake: "Kwani huniamini?"
Majibu waliyoyatunga vijana wenyewe: "Nakuamini, na bado sitaki mimba sasa." "Hatujapima, tupime kwanza wote wawili." "Mimi bila kondomu nakuwa na wasiwasi, hata raha sipati."

Mwenzake: "Hainogi."
"Tuweke vilainishi, na mimi ndiye nitakuvalisha."

Chagua moja analoliona linaweza kutoka kinywani mwake, alirudie mara tatu. La kwanza litatoka kwa aibu, la tatu litatoka kama lake. Mwambie pia wakati wa kulisema: mapema, kabla nguo hazijavuliwa.

Onyo: ukisikia kwamba kutaja kondomu kunaleta kipigo au vitisho, acha mazoezi haya. Kumfundisha mtu maneno ya kumjibu anayempiga ni kumwongezea hatari. Ongeeni usalama wake na njia ambazo mwenzake hatazijua, kama sindano kwa mimba, na umpe rufaa.

8. Mpe mpango wa siku mambo yakiharibika. Aondoke akijua namba mbili. Saa 72: ndani yake PEP inapaswa kuwa imeanza kama kuna hatari ya VVU, na kila saa inayopita ina gharama. Humezwa siku 28. Saa 120, yaani siku 5: ndani yake vidonge vya dharura au kitanzi cha shaba vinaweza kuzuia mimba. Vidonge hufanya kazi vizuri zaidi vikimezwa mapema, na haviharibu mimba iliyokwisha kutunga.

Kijijini saa 72 si nyingi. Ikitokea Ijumaa usiku na kituo kinafungwa hadi Jumatatu, asubuhi ya siku hiyo zaidi ya saa 50 zimeshapita, na muda unakwisha usiku wake. Kwa hiyo jueni sasa hivi, mkiwa mmekaa wote wawili, ataenda wapi mwisho wa wiki, atafikaje, na atamwomba nani nauli bila kueleza sababu.

9. Mwombe akurudishie. Usiulize "Umeelewa?" Sema: "Nataka nijue kama nimeeleza vizuri. Rafiki yako akikuuliza leo, utamwambia nini?" Akikosea, lawama ichukue wewe: "Hapo sikueleza vizuri, ngoja nirudie."

10. Asiondoke mikono mitupu. Mpe kondomu za kutosha, si mbili tatu za kumfanya arudi kuomba. Mfundishe kuzitunza mbali na jua na joto. Ya kutoka nayo iwe mfukoni kwa siku hiyo, isikae kwenye pochi miezi. Muulize kama anataka uziweke kwenye mfuko usioonyesha. Mpangie siku ya kurudi, na umwambie sababu ya kuja anayoweza kuwaeleza watu wa nyumbani bila kusema uongo, kwa mfano kupima presha kama kweli utaipima.

Mambo yanapokwama

Haongei kabisa. Mpe karatasi au vichupa vya dawa vilivyokwisha azungushe mkononi, uanze na hatua ya 6. Mikono ikiwa na kazi, mdomo hufunguka. Akikataa bado, mpe kondomu na siku nyingine ya kuja. Hujashindwa.

Anataka kuhudumiwa na mtu wa jinsi yake, au asiye jirani yake. Mpe. Ikiwa upo peke yako, mwambie ukweli na umtajie kituo cha pili.

Kondomu humpasukia kila mara. Mwombe akuonyeshe anavyofanya. Mara nyingi utakuta mojawapo ya haya: hewa kwenye ncha, ukavu, mafuta, meno, au pakiti iliyokaa kwenye joto.

Kondomu imebaki ndani ya uke. Aingize vidole viwili safi aivute taratibu, akiwa amechuchumaa. Isipotoka, aje. Halafu mhesabieni saa kama kwenye hatua ya 8.

Zinamwasha. Inaweza kuwa mzio wa mpira, na kondomu ya kike isiyo ya mpira itamfaa. Inaweza pia kuwa maambukizi yaliyokuwepo tayari. Mpeleke apimwe.

Ana usaha au vidonda. Usibahatishe dawa, wala usimpe nusu dozi iliyobaki kabatini. Rufaa, na mwenzake atibiwe pia, la sivyo watarudishiana. Baada ya dawa ya dozi moja wasubiri siku 7 bila ngono.

Amepima juzi baada ya hatari ya wiki iliyopita, jibu ni hasi, amefurahi. Mpongeze kwa kupima, kisha mweleze kwamba kipimo cha haraka kinaweza kuchelewa kuonyesha maambukizi mapya. Arudie baada ya miezi 3, na kondomu itumike mpaka hapo.

Anakuambia alibakwa. Somo limekwisha. Msikilize, umwambie kwamba kosa si lake, usimuulize alivaa nini wala kwa nini alikwenda. Angalia saa: PEP na vidonge vya dharura kwanza. Mweleze huduma zilizopo, pamoja na polisi, na umwachie yeye aamue kila hatua, isipokuwa pale sheria inapokulazimu, na hapo mwambie kabla.

Kondomu zimekwisha kituoni. Mwambie leo hii wapi pengine zinapatikana. Zungumzeni yasiyo na kuingiliana: kukumbatiana, kupapasana, kusubiri. Agiza mpya kabla boksi la mwisho halijafunguliwa, maana njia ya kijijini huharibika bila taarifa.

Mzazi amekuja. "Mwanangu alikuja hapa juzi, alikuwa na nini?" Atauliza kwa upendo kabisa, pengine ni mtu unayemheshimu. Mjibu: "Mama, mimi sisemi nani amekuja wala nani hajaja. Hata wewe ukija, hakuna nitakayemwambia." Toa jibu hilohilo kwa yule ambaye mtoto wake hajawahi kukanyaga kwako. Ukiwaambia wengine "hajaja" na wengine "siwezi kusema", siri umeshaitoa.